Mzigo Niliouita Kanga

Maneno yalianzia sokoni Kilindoni, hapa Mafia, siku ya tatu baada ya ile ndege kurudi, na yakafika Ndagoni kabla ya samaki wa siku hiyo: kwamba mtoto wa Mama Warda alipanda na moto ndegeni. Wengine walisema lilikuwa jiko la mkaa. Wengine wakasema chetezo, eti mwanamke akiwa rubani haruki mpaka afukize ubani. Aliyeniletea ni jirani yangu Mwanasha. Alisimama mlangoni na ndoo yake, hakuingia ndani.

"Mie siamini, shoga," akasema. "Lakini si mwenyewe kasema? Kasema mzigo ni wake."

"Nani kakwambia?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Ah, watu, Mama Warda! Watu wana majina?"

Akaenda zake kisimani. Yale maneno niliyafukuza nikiwa shambani, yakanirudia nikiwa kwenye mswala. Uvumi wa uongo mtu huuzoea, ukaisha kama kikohozi. Huu haukunitoka kwa sababu ulikosea kitu kimoja tu. Moto ulipanda kweli. Aliyeupandisha ni mie.

Naandika haya kwa kina mama wenzangu wenye watoto wanaosafiri, na kwa yeyote anayefunga mzigo wa nyumbani kwenda Dar. Darasa langu ni la saba, kwa hiyo nitasema kama ninavyosema.

Warda ni mwanangu wa pekee. Baba yake, Mungu amrehemu, alifariki Warda akiwa darasa la tano, na tangu hapo nyumba hii ilikuwa ya watu wawili, kisha akaenda kusoma, ikawa ya mtu mmoja. Leo ni rubani msaidizi. Anakaa kiti cha kulia, kapteni anakaa cha kushoto. Ndege yao ni ile ndogo ya watu kumi na wawili, haina wahudumu. Marubani hao hao ndio wanaofunga mlango, ndio wanaowaonyesha watu mikanda, na kukitokea jambo nyuma ni mmoja wao anayekwenda.

Kila baada ya wiki mbili ndege ile ililala Kilindoni, na Warda alikuja Ndagoni kwa bodaboda, akala kwangu, akalala kwangu, asubuhi akaondoka. Siku nyingine nilimjua kwa mlio wa ndege. Nikiusikia naacha jembe. Nikajua huu ni wake, huu si wake, ingawa wallahi mlio ni mmoja na nilikuwa najidanganya.

Mwaka juzi nilimpa ng'onda, samaki mkavu, wa kumpelekea mdogo wangu Shamsa, anayekaa Mbagala. Nilimfunga vizuri, lakini ng'onda ni ng'onda. Ndani ya ndege wazungu walishika pua, mmoja akauliza kama kuna mnyama aliyekufa. Marubani wenzake Dar wakamwita Kapteni Ng'onda mwezi mzima. Alipokuja tena aliniambia taratibu, kwa adabu, maana hajawahi kunipandishia sauti: "Mama, usinipe tena kitu kinachonuka. Mie pale nimefika kwa shida. Wananitazama mara mbili mbili."

Nikamwambia nimesikia. Na nilikuwa nimesikia.

Sasa mwaka huu Sabra, binti wa Shamsa, akaposwa. Harusi Jumamosi. Kwetu bi harusi akisingwa, mafuta ya kumkandia hayatoki dukani. Yanatoka kwenye mbata ya kwao, nazi iliyopasuliwa na kukaushwa na mkono wa nyumbani, ndipo inapikwa mafuta kule anakoolewa, wanawake wakiwa wamekaa. Mie ndiye dada mkubwa. Mbata ilikuwa juu yangu. Shamsa alipiga simu mara tatu. "Dada, usiniaibishe. Upande wa mume wanatoka Bagamoyo, wale wana maneno."

Nilipasua nazi arobaini. Mvua ikaja wiki ile yote, jua hakuna. Nikaitandika mbata kwenye uchaga jikoni, nikawasha makumbi na vifuu vya nazi chini yake. Mbata inataka siku nne, tano kwa moshi. Mie nilikuwa na siku mbili, maana Warda alikuja Jumatano kuondoka Alhamisi, na baada yake hakuna wa kuipeleka.

Alhamisi alfajiri nikaishusha. Kwa nje ilikuwa ngumu, lakini ukiivunja vipande vinene, katikati bado vina unyevu. Ilikuwa moto mkononi.

Hapa mnisikilize. Kila aliyekulia kwenye minazi anajua kwamba mbata haifungwi ingali na joto. Mama yangu alinipiga kofi kwa ajili hiyo nikiwa mdogo. Hata magunia yaliyopakiwa kwenye vyombo vya kwenda Dar yaliachwa midomo wazi, na baharia alitia mkono ndani kupima, kwa sababu mbata ikikosa hewa inajipika yenyewe, ikishajipika inatoa moshi, ikishatoa moshi hujui itaishia wapi. Nilijua haya yote. Ila gunia la mdomo wazi lingenuka moshi, na mwanangu angeaibika tena mbele ya wazungu wake. Basi nikaifunga. Nikaitia kwenye mfuko wa nailoni, nikafunga. Nikautia kwenye wa pili, nikafunga. Juu nikazungushia kanga mbili mpya, nikatia vyote kwenye begi la zipu nililolinunua kwa kazi hiyo. Nikanusa. Hakuna kitu. Nikajisifu.

Warda alilishika begi mlangoni. Alikuwa ameshavaa shati lake jeupe.

"Mama, nini hii?"

"Kanga za mama mdogo wako. Za harusi."

"Mbona nzito?"

"Doti sita hizo. Unataka bi harusi aende na kitenge kimoja?"

Akacheka. Kisha akaweka kiganja juu ya begi. "Mbona ya moto?"

"Nimezipiga pasi sasa hivi."

"Mama."

"Nini?"

"Hakuna samaki humu?"

"Wallahi, mwanangu, hakuna samaki."

Nikaapa, na kiapo changu kilikuwa cha kweli.

Yaliyotokea uwanjani na angani sikuyaona. Nimeyapata kwa Omary, mnunuzi wa pweza, aliyekuwa kiti cha nyuma kabisa, na mengine nimeyapata kwa Warda mwenyewe, kidogo kidogo, kama mtu anayetoa miba ya samaki mdomoni.

Uwanjani Mbaraka anayepima mizigo alifungua begi la kila mtu. Alipofika kwa Warda akauliza, "Na hilo, dada rubani?"

"Kanga za harusi. Mama kanipa."

"Ah. La kwako sifungui, ntajitafutia laana ya mamako."

Likawekwa nyuma, ndani ya ule wavu ulio nyuma ya viti vya mwisho. Wakaruka saa mbili u nusu.

Dakika ya nane au ya tisa, wakiwa juu ya maji, Warda akanusa nyumbani. Ndivyo alivyoniambia. Hakusema moshi. Alisema, "Mama, nilinusa jikoni kwetu." Na kwa kuwa amelala kwangu, jikoni kwangu kunafuka kutwa, alidhani ni nywele zake, ni shati lake. Akaona haya. Akafungua tundu dogo la hewa pembeni yake, akanyamaza. Akawaza, leo tena wataniita nini.

Dakika mbili nzima alinyamaza. Na hizo dakika mbili pia naziandika kwenye hesabu yangu mie, maana uliomfundisha kuionea haya harufu ya kwao ni mzigo wangu wa kwanza, ule wa ng'onda.

Kisha Omary nyuma akaita. "Dada! Dada rubani! Kuna kitu kinafuka huku!"

Kapteni wao anaitwa Luqmani, mtu wa makamo, wa Pangani, mpole. Hakugeuka. Akauliza, "Unanusa?"

"Nanusa, Kapteni."

"Toka lini?"

"Dakika mbili."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani ni mimi."

Luqmani hakumgombeza. Akasema, "Ndege naishika mie. Wewe chukua mtungi, nenda nyuma. Ukirudi niambie ukweli, hata kama mbaya." Na akaanza kuigeuza. Mbele kulikuwa na zaidi ya dakika ishirini kufika Dar. Nyuma kulikuwa na dakika kumi kurudi kwetu. Akaita redioni kwamba ana moshi ndani na anarudi Mafia.

Warda akafungua mkanda, akachukua mtungi mwekundu wa kuzimia moto, akapita katikati ya viti ameinama, maana ndege ile huwezi kusimama ukanyooka. Moshi ulikuwa mweupe, mzito, unatoka kwenye begi la zipu. Watu wamejiziba kwa mitandio. Mama mmoja wa makamo, Bi Mize, aliyekuwa anakwenda kuchunguzwa macho, alikuwa anasoma shahada kwa sauti.

Warda akapuliza mtungi. Moshi ukakata. Watu wakasema alhamdulillahi. Akahesabu mpaka kumi, moshi ukarudi. Akapuliza tena mpaka mtungi ukaisha. Ukakata, ukarudi, safari hii na joto unalisikia usoni. Mbata ndivyo ilivyo, inaungua kwa ndani, dawa inabaki kwa nje.

Omary akasimama. "Fungua mlango, dada! Fungua tulitupe!"

"Kaa chini, kaka."

"Litupe baharini, lisituue!"

"Mlango haufunguliwi angani. Likigonga mkia tunakwenda nalo. Kaa, funga mkanda, nipe maji yako."

"Maji gani?"

"Ya kunywa! Nyote, maji yenu! Chupa zote zije huku!"

Zikaja chupa, mkono kwa mkono, kiti kwa kiti. Bi Mize akatoa galoni lake dogo la maji ya Zamzam aliyoletewa na mkwewe, akalikumbatia kwanza.

"Mwanangu, haya ni ya macho yangu."

"Bibi, ukinipa leo macho utayaona."

Bi Mize akampa. Omary aliponihadithia pale alicheka, kisha akaacha kucheka.

Zipu ilikuwa imeyeyuka. Warda akaipasua kwa mikono. Kanga zangu mbili zilikuwa zimeshakuwa nyeusi, na ndani yake nailoni imegeuka uji. Akaona mbata. Hapo ndipo alipojua alichokibeba na aliyemfungia. Nilimuuliza alisema nini. Aliniambia alimwaga maji. Nailoni ile ilimshika mkono wa kulia vidole vitatu, ikang'oka na ngozi. Akaendelea kumwaga kwa mkono wa kushoto. Chupa moja, ya pili, galoni la Bi Mize, mpaka ikawa inatoa mvuke tu na mlio wa kikaango. Akachukua koti lake la kazi, akalilowesha maji ya mwisho, akalifunika juu.

Akarudi mbele. "Umezimwa, Kapteni, ila sijui kama umekufa. Mtungi mtupu. Maji yameisha. Mkono wangu mmoja haufanyi kazi."

"Nani anakaa nao?"

"Omary. Nimemwambia akiona moshi apige kelele."

"Kelele anaziweza huyo," Luqmani akasema. "Nisomee orodha ya kutua."

Akamsomea mstari kwa mstari, moshi umemkausha koo, mkono ameuweka juu ya goti. Wakatua na upepo kisogoni kwa sababu hakukuwa na muda wa kuzunguka. Ndege ikasimama mwisho kabisa wa lami. Warda akafungua mlango kwa mkono wa kushoto, akawashusha watu mmoja mmoja, akawaambia wakimbie upande wa nyasi, wasigeuke. Bi Mize hakukimbia, alikaa chini kwenye lami akamwomba amvalishe kiatu. Akamvalisha.

Hakufa mtu.

Mie nilikuwa shambani. Nikasikia ndege inarudi wakati ambao hairudi. Nikaacha jembe. Ilipita chini kuliko siku zote, nikajua kwa miguu kabla ya kichwa, nikajikuta nipo barabarani nasimamisha bodaboda ya Kheri.

"Uwanjani!"

"Mama, una jembe mkononi."

"Twende nalo!"

Kufika uwanjani watu wamejaa kwenye wavu wa uzio. Mwanangu amekaa kwenye benchi, nesi anamfunga mkono. Nikamwona yu hai. Nililia kwanza, kisha nikaona kile kitu kilicholala peke yake kwenye nyasi, mbali na watu, kimezungushiwa kamba. Begi langu. Limekunjamana kama ngozi ya pweza aliyeanikwa. Pembeni vipande vya mbata, vyeusi.

Meneja wa uwanja alikuwa amesimama na karatasi. Akauliza, "Mzigo huu wa nani?"

Nilifungua mdomo. Warda alikuwa ananitazama kutoka kwenye benchi. Akasema kwa sauti, ili wote wasikie:

"Wangu."

"Umefunga mwenyewe?"

"Nimefunga mwenyewe."

Nikafunga mdomo. Wallahi niliufunga, mbele ya mwanangu aliyeungua, na jembe nimelishika kama mkongojo.

Akapelekwa Dar kutibiwa na kuhojiwa. Jioni ile nilimpigia.

"Mwanangu, mie ndiye—"

"Mama, nyamaza. Si kwenye simu."

"Nitasema ukweli."

"Usiseme. Wakijua ni wewe watakuja huko na polisi, utawekwa ndani kwa kuhatarisha ndege. Wewe utaweza? Acha iwe yangu."

Nikaacha iwe yake. Ndilo jambo baya zaidi nililolifanya, kuliko kuifunga mbata. Siku tisa nililiacha. Sabra akaolewa kwa mafuta ya dukani, sikwenda, nikasema naumwa. Mwanasha akaja na maneno yake ya sokoni. Watu waliokuwa wakipita kwangu kunisalimu wakawa wanasalimia wakiwa wanatembea. Mtu ukiwa na siri hata kuku wako unawaona wanakutazama. Niliacha kupika mchana. Niliacha kuwasha moto kabisa, nikala mihogo mibichi na nazi, maana kila nikiwasha nasikia harufu ile aliyoisikia yeye huko juu, na naona anajinusa shati.

Siku ya tisa simu ikalia, namba siijui.

"Shikamoo, Mama. Hapa ni Luqmani, kapteni."

"Marahaba, baba. Warda mzima?"

"Mzima. Mkono unapona. Mama, mie mtu wa Pangani. Nimezaliwa chini ya mnazi. Juzi nilimuuliza Warda, mbata inakaa uchagani siku ngapi. Unajua kanijibu nini?"

Nikaisogeza simu sikioni.

"Kaniambia moja. Mtu aliyekausha mbata mwenyewe hawezi kusema moja."

"Hajui," nikasema. "Sikumfundisha. Nilitaka asome."

"Jumatatu wale wa mamlaka ya anga wanakaa kuamua leseni yake. Aliyebeba kitu cha hatari bila kujua ana adhabu yake. Aliyebeba huku anajua, ananyang'anywa, na harudi tena kwenye kile kiti. Yeye ameandika kwamba alijua. Sikwambii useme, Mama. Nakwambia Jumatatu."

Jumapili nilipanda kivuko hadi Nyamisati, kutoka pale gari hadi Dar. Ndege sikuweza. Sikumwambia Warda kwamba nakuja. Angekataa.

Jumatatu asubuhi niliingia kwenye ofisi yao. Walikuwa watu watatu nyuma ya meza, wanaume wawili na mwanamke wa miwani. Nikawaeleza yote kama nilivyoeleza hapa, uchaga, siku mbili, nailoni, kanga, pasi. Mwanaume mmoja akauliza kama nina ushahidi. Nikamwambia aniulize chochote cha mbata, kisha amuulize Warda. Akaniuliza, nikamjibu. Yule mwanamke ndiye aliyeuliza la mwisho.

"Kwa nini hukumwambia mwanao kilichomo?"

"Angekataa."

Akaliandika neno hilo. Neno moja, aliliandika kwa muda mrefu.

Nilipotoka, Warda alikuwa amekaa kwenye korido, mkono umefungwa, amevaa sare. Alikuwa akisubiri kuitwa. Aliponiona alisimama.

"Mama. Umefanya nini?"

"Nimesema."

"Mie nimeshaandika. Sasa mie ni mwongo mbele yao. Ungeniuliza kwanza."

Jibu lilikuwa mdomoni, lile lile nililotoka kulisema ndani. Nikalimeza.

Hawakumnyang'anya leseni. Walimsimamisha miezi sita: kwa kuingiza mzigo ambao hakuufungua, na kwa kuandika lisilo kweli. Mie niliandikiwa onyo na nikaitwa kituoni Kilindoni mara mbili, basi, hakuna aliyeniweka ndani. Mbaraka alionywa naye. Sasa anafungua mizigo ya marubani kama ya watu wengine, na wanaomnung'unikia anawajibu, "Kamuulizeni Mama Warda."

Miezi sita ilipokwisha Warda akarudi kazini. Anaruka Mwanza siku hizi, kwenda visiwa vya ziwani. Sikumuuliza kama alipangiwa au aliomba. Vidole vitatu havikunji vizuri, lakini kapteni wake wa huko anasema vinatosha. Ananipigia Ijumaa baada ya sala.

"Umekula, Mama?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula."

Kisha tunasikiliza simu. Amenisamehe, najua, ameniambia. Ila hajaja. Ndege ya saa mbili u nusu bado inapita juu ya shamba langu kila siku, mlio ni ule ule, naacha jembe, naitazama mpaka inaisha. Humo ndani kuna mtoto wa mtu.

Kabla ya kuliandika hili kwenye karatasi safi nilimsomea Warda kwenye simu, lote, kwa vipande, Ijumaa tatu. Safari hii nilimuuliza kwanza. Akaniambia nifute mahali nilipomwita shujaa. Nimefuta. Akaniambia zibaki zile dakika mbili alizonyamaza, hata kama zinamwaibisha. Nimeziacha. Akaongeza mawili matatu kwenye orodha iliyo mwisho, yale ya betri na ya mlango. Nakala moja nimempa Mbaraka aibandike pale watu wanapokaa kusubiri ndege.

Basi, ya kuepuka ni haya:

Usitie mbata ndegeni, hata kidogo, hata ukiona imekauka.

Usifunge mbata yenye joto kwenye nailoni, uwe unakwenda kwa ndege, kwa boti au kwa gari.

Usitie makumbi, vifuu wala mkaa uliotoka jikoni, hata kama ulizimwa jana.

Usitie chetezo chenye majivu.

Usitie kiberiti kwenye begi linalowekwa nyuma, wala mafuta ya taa, wala petroli ya mashine ya boti.

Usitie betri za taa za kuvulia wala pawabenki kwenye mzigo wa nyuma. Waulize wenyewe wakwambie ziwekwe wapi.

Usibebe mzigo uliofungwa na mtu mwingine bila kuufungua, hata kama ni mama yako.

Usimpe rubani mzigo kwa sababu ni mwanao.

Usiseme kanga kama si kanga.

Ukinusa moshi usinyamaze, hata ukidhani ni nguo zako.

Usiguse mlango ndege ikiwa juu.

Ukiwa umekosea, usimwachie mtoto akubebee.

Usibishane na Mbaraka akikwambia fungua.